Harufu ya Spiriti katika Mtaa wa Maseremala

Boota Masih alikuwa na kikombe chake karibu katika kila nyumba ya Mtaa wa Maseremala, mjini Chiniot, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuoshewa jikoni. Hapa kilikaa juu ya ukuta, pale kwenye kizingiti cha dirisha, kwingine kilifunikwa kifudifudi juu ya tofali karibu na choo. Vingi havikuwa na mkono. Alipomaliza kuzibua mtaro, mwenye nyumba alimmiminia chai kwa juu, birika likiwa mbali na kikombe kama vile kikombe kinauma, naye Boota akanywa amechuchumaa, akakisuuza mwenyewe kwenye bomba la nje na kukirudisha kilipokuwa. Baba yake alikunywa hivyo hivyo. Babu yake hakupewa chai kabisa. Kwa hiyo watu walisema dunia imeendelea, na Boota aliitikia, maana kubishana na watu unaowazibulia vyoo ni kazi ya pili isiyo na mshahara.

Alizaliwa katika kitongoji cha Wakristo nyuma ya reli, akasoma shule ya kanisa mpaka alipoweza kufuata Zaburi kwa kidole, kisha mgongo wa baba yake ukaharibika na yeye akachukua ndoo. Tangazo la kazi ile lilikuwa likisema waziwazi kwamba wanaotakiwa ni wasio Waislamu. Ilikuwa nafasi pekee mjini ambayo hakuna mtu aliyewahi kuwapora. Mdogo wake, Inayat, alimfuata baada ya miaka michache. Inayat alikuwa mrefu, mwenye sauti nzuri, mtu wa kuimba Zaburi mbele ya kanisa zima huku akipiga makofi kama yuko harusini. Na alikuwa mlevi.

Tusimfichie marehemu. Wazibuaji wengi hupiga mafunda mawili kabla ya kushuka ndani ya chemba, shimo la kuingilia mtaroni, na anayewalaumu na ashuke yeye bila kunywa tuone. Asiye na uwezo wa kununua pombe hunywa spiriti ile wanayochanganyia vanishi maseremala, iliyokatwa kwa maji na chumvi kidogo. Inayat alikunywa hiyo mpaka macho yakawa mekundu. Kisha mkewe, Rifqa, akajifungua mtoto wa kike, na Pasaka ya mwaka ule Inayat akasimama mbele ya padri, mkono juu ya Biblia, akaapa hatagusa tena. Rifqa alikuwa ubavuni mwake na mtoto kifuani. Watu wa kitongoji wakacheka kidogo kwa chini. Boota naye alicheka, ingawa alijifunika mdomo.

Ngano ilikuwa inavunwa pale mtaro wa Mtaa wa Maseremala ulipoziba. Walisukuma fito za mianzi zilizofungwa moja nyuma ya nyingine kama kawaida, na fito zikagoma mahali palepale zilipozoea kugoma. Inayat akasema atashuka akazielekeze kwa mkono. Barakoa ya gesi ilikuwepo stoo, na stoo ilikuwa na kufuli, na mwenye funguo alikuwa kwenye harusi. Basi Inayat akajifunga kamba kiunoni, akashuka ngazi za chuma huku akiimba, na Boota akashika kamba.

Kuimba kulikoma. Boota alidhani ndugu yake amefika penye kazi. Alipokuja kuvuta kamba ilikuwa nzito, nzito kwa namna ambayo mikono ilielewa kabla ya kichwa. Maseremala wakatoka na maranda vichwani kusaidia kuvuta. Haji Nazir, mwenye karakana kubwa kuliko zote mtaani, mtu mpole ambaye hajawahi kumfokea mtoto wa mtu, alileta mlango mpya usiochongwa bado ili maiti isilazwe chini, akaleta na shuka jeupe kutoka ndani kwake. Boota akainama kumfuta ndugu yake uso, na shati likampiga pua kwa harufu ya spiriti.

Haji Nazir naye aliisikia. Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Maskini," akasema kwa sauti ya chini. "Alikuwa amekunywa ya kwetu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema jinsi mtu anavyosema mvua imenyesha. Na wote waliosimama pale wakaona wamepata jibu, kwa sababu lilikuwa jibu walilokuwa nalo mfukoni siku zote: Mkristo, mzibuaji, spiriti. Boota mwenyewe alikuwa nalo.

Rifqa alikuja na mtoto mgongoni. Hakupiga kelele. Alipiga magoti kwenye mlango ule wa mbao, akaweka uso wake juu ya uso wa mumewe, muda mrefu, watu wakageuza macho kwa heshima. Kisha akamvuta Boota kando. "Shemeji, nimemnusa mdomo," akamwambia. "Spiriti iko kwenye shati. Mdomoni hamna kitu. Waambie."

Boota akamwambia anyamaze, asiongeze aibu juu ya msiba.

Siku ya uchunguzi wakubwa wa ofisi ya mji, waajiri wake, walimuuliza swali moja tu. Alijibu kwamba ndiyo, alisikia harufu, na ilikuwa harufu ya spiriti. Hakusema uongo, na hicho ndicho alichokishikilia miaka yote. Pua yake haikudanganya. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu: kama Inayat alishuka akiwa amelewa, basi kosa halikuwa la kamba, wala la aliyeishika. Ukweli uliokuja na nafuu kama hiyo, nani angeuchunguza mara mbili? Binadamu ni hivyo. Tunamwita ndugu damu yetu, na siku ya kumtetea tunatafuta pa kunawa mikono.

Ofisi ikaandika kwamba mtu alikufa kwa ulevi wake. Mjane hakupewa kitu, na nafasi ya kazi haikurithishwa nyumbani kwake. Padri, kwa kuwa marehemu alivunja kiapo kilichofanywa madhabahuni, alisomea sala nje ya geti la kanisa, jeneza likiwa juani. Hakuna aliyemwimbia Zaburi. Rifqa aliwaambia alichonusa, wakamwambia kila mke husema hivyo. Tangu hapo akawa mfagizi katika shule ya wasichana, na alipokutana na Boota njiani alivuka upande wa pili. Krismasi ya kwanza Boota alimpelekea sinia la wali. Lilirudi limefunikwa vilevile, hata kitambaa hakijafunguliwa.

Na mtaro uliendelea kuziba. Ungezibuliwa, ukatulia kidogo, kisha maji machafu yakarudi kupandia kwenye mashimo ya vyoo na kutapakaa mlangoni mwa kila mtu, tajiri kwa maskini. Mtaa ulitafuta wa kulaumu. Kwanza ilikuwa mifuko ya plastiki. Kisha nepi za watoto, wanawake wakasemwa wiki nzima. Kisha nyati wa kufugwa wa muuza maziwa na samadi yao, mpaka muuza maziwa akahama. Haji Nazir ndiye aliyeongoza mikutano ya mtaa, akiwaomba watu waishi kistaarabu. Boota alikuja na fito zake, akasukuma, akatoboa njia, maji yakapita. Kila mara ncha ya mwanzi ilitoka na utomvu wa kahawia unaonata. Alidhani ni mafuta ya jikoni yaliyoganda. Aliufuta ukutani na kwenda kunywa chai yake.

Mwisho, baada ya miaka mingi, ofisi ilitaka kuutandika mtaa ule matofali mapya, na mkubwa mmoja akakataa kutandika matofali juu ya bomba linalotapika. Likaagizwa gari la kamera kutoka Faisalabad. Lilikuja na injinia kijana, Mehwish, binti mwenye miwani na viatu vya mpira, na fundi wake mmoja. Mtaa mzima ulitoka kutazama kigari kidogo cha chuma chenye magurudumu na taa usoni kikishushwa chemba kwa waya. Wazee walitania kwamba sasa serikali imepata mzibuaji asiyedai chapati za jioni. Mmoja akamwambia Boota aanze kutafuta kazi nyingine. Boota akajibu kwamba kigari kile kinaona tu, hakizibui, kwa hiyo kinafaa kuwa mkubwa wa ofisi. Wakacheka wote, hata Haji, ambaye alikuwa ameshaagiza chai ya wageni.

Walikwisha safisha bomba kwa maji ya nguvu. Mehwish alimwita Boota aingie garini kwenye skrini amweleze chemba ipi inafuata ipi. Boota akataka kukaa sakafuni. Binti akamwonyesha kiti, akaangalia pembeni mpaka akakaa.

Hakuwahi kuona ndani ya kitu alichokifanyia kazi maisha yake yote. Kwenye skrini palikuwa na njia ya duara, nyeusi, inang'aa, maji membamba yakipita chini. Kigari kilikwenda polepole. Maungio ya bomba yalipita moja moja. Kisha taa ikaangukia kitu na fundi akasimamisha waya.

Bomba jingine, la plastiki, lilikuwa limetoboa ubavu wa bomba kuu na kuchomoza ndani kama kiwiko cha mtu aliyejibana kwenye mlango. Hapo ndipo fito zilipokuwa zikigoma. Kutoka kwenye mdomo wake, na kuzunguka kote juu na pembeni, ulining'inia utomvu wa kahawia, tabaka juu ya tabaka, unga wa mbao na nywele na mifuko vikiwa vimenasa ndani. Maji ya nguvu yalikuwa yamekwangua nusu tu. Mehwish akauliza juu ya ardhi hapo pana nini. Fundi akapima waya, akachungulia nje, akasema pana karakana ya samani. Binti akaelewa mara moja. Akasema ni vanishi: wanamwaga mabaki na spiriti ya kuoshea brashi, vikikutana na maji vinaganda, na kila uchafu unaopita unashikwa. Fito zinatoboa tundu tu, kisha linajifunga upya. Ndiyo maana ugonjwa wa mtaro haukuisha.

Alikuwa bado anaeleza pale kitu kilipotokea kwenye skrini. Ndani ya karakana, mfanyakazi ambaye hakuwa na habari ya kamera alimwaga debe lake kama siku zote. Bomba la plastiki likatema kioevu cha rangi ya chai isiyo na maziwa, kikamwagikia kigari, taa ikawa hudhurungi. Na baada ya muda mfupi, kwa kuwa chemba ilikuwa wazi hatua chache kutoka mlango wa gari, harufu ikapanda.

Boota alisimama. Aliijua. Hakuinusa tena kwa nguvu hivyo tangu alipoinamia mlango ule wa mbao na shuka jeupe. Haikuwa harufu ya mdomo wa mtu. Ilikuwa harufu ya shati lililomwagiwa. Ndugu yake alikuwa amejipenyeza gizani mpaka chini ya kiwiko kile, mkono kwenye fito, akiimba, na debe likamwagwa juu yake, na mvuke ukajaa chemba isiyo na hewa, na yeye, Boota, juu, na kamba mkononi, akidhani Inayat amefika penye kazi.

"Sahiba," akamwita binti kwa heshima. Akamweleza binti yote, vibaya, mwisho ukitangulia mwanzo. Mehwish alivua miwani. Boota akamwomba aandike. Kwenye hiyo ripoti ya bomba, aandike pia kwamba Inayat Masih alikufa hapa kwa kitu hiki, na kwamba hakuwa amekunywa.

"Mzee Boota, nakuamini," binti akasema. "Nitaandika bomba, nitaandika karakana, nitaandika spiriti. Lakini kamera imeona bomba. Haikumwona yeye. Nikiandika jina lake watalikata, halafu watanipigia simu waniulize nani kaniambia."

Alisema kweli, na aliona haya kuisema. Ripoti ikaenda. Karakana ikaamriwa ikate bomba lake na ichimbe shimo lake yenyewe, na mtu aliyetumwa kuziba tundu kwa saruji alikuwa Boota.

Kabla hajaanza, Haji Nazir alimjia pale chemba. Ndevu zilikuwa zimekuwa nyeupe pe. Akasema bomba lilitiwa na fundi aliyekwisha fariki, zamani, na yeye hakujua linaishia wapi.

"Haji Sahib," Boota akamuuliza, "madebe yote yale ya miaka yote, ulidhani yanakwenda wapi?"

Haji alichungulia chemba. Huenda ni kweli hakuwahi kufikiri, maana mtu hafikirii kinachokwenda chini. Kuna watu wa kufikiria hayo. Akaingia ndani. Akatoka na kikombe cha ndani, cha kaure, chenye maua na sahani yake, akamimina chai kwa mkono wake mwenyewe mbele ya mtaa mzima, birika likigusa ukingo. Akampa kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Maseremala waliacha randa wakatazama.

Na Boota akanywa. Mkono ulipokea kabla hajaamua, kama ulivyozoea kupokea. Chai ilikuwa na maziwa mengi na iliki. Aliimaliza yote, akasema ahsante, kisha akashuka kuziba tundu, na huko chini akatapika.

Kabla ya kupaka saruji alikwangua bonge la utomvu ule kwa mwiko, akalifunga kwenye leso. Jioni hakupitia kwake. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya reli, mpaka nyumba ya Rifqa, akasimama nje ya kizingiti ambacho hakuwa amekivuka tangu msiba. Rifqa alikuwa anachambua dengu uani. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi, na Boota akagundua kwamba hakuwahi kumwona kwa karibu akizeeka. Akafungua leso, akamnyooshea.

Rifqa alilishika bonge lile, akalinusa, akamrudishia. "Ndiyo hiyo," akasema.

Boota akasimulia. Kamera, kiwiko cha bomba, debe lililomwagwa, saruji. Alizungumza haraka kama mtu anayeogopa mlango utafungwa. "Hakuwa amekunywa, Rifqa," akamalizia. "Sasa najua. Jumapili nitasimama kanisani niseme mbele ya watu wote, na padri asikie."

"Simama useme. Binti yake ana haki ya kusikia." Aliendelea kuchambua dengu, kokoto huku, dengu huku. "Lakini usiseme umeniletea habari. Mimi nilimnusa mdomo, nikakwambia siku ile ile, maiti ingali na joto. Ulikuwa mtu wa kwanza kumwambia. Mimi sikuhitaji kamera. Aliyehitaji kamera ni wewe, ndugu yake wa tumbo moja."

"Nisamehe, shemeji."

Rifqa aliinuka akaingia jikoni, na Boota akasikia maji yakibandikwa motoni na iliki ikipondwa, akafuta macho kwa mkono wa shati. Katika kitongoji kile mtu hakupikii chai kama hataki ukae. Alianza kufikiri maneno atakayosema kanisani. Alifikiri labda Krismasi hii sinia halitarudi.

Rifqa akatoka na birika mkono mmoja. Hakuleta kikombe. Alipita mbele yake, akanyoosha mkono juu ya ukuta wa ua, akachukua kikombe kikuukuu kisicho na mkono alichokuwa akinyweshea kuku, akakipuliza vumbi. Akamwekea chini, mbele ya miguu. Kisha akainua birika juu, mbali, akamimina.

Boota alikitazama kikombe kile. Angeweza kuondoka. Akachuchumaa, akanywa chai yote, mpaka machicha. Halafu akakisuuza mwenyewe kwenye bomba la nje, akasimama nacho mkononi hajui akiweke wapi, na Rifqa akamwonyesha ukutani kwa kidevu. Akakirudisha pale, kifudifudi, akaaga. Nyuma yake alisikia kuku wakizijia dengu zilizoachwa uani na Rifqa akiwafukuza.